Chumvi, Glukosi na Glopu ya Tochi

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya shule ya upili huko Likoni, Mwalimu wa Kemia alinipa amri kabla ya salamu: "Humu ndani hakuonjwi kitu."

Nikamtazama. "Mwanangu, mimi ni sawa na mamako. Shikamoo yangu iko wapi?"

Akaona haya, akanipa shikamoo yangu, kisha akairudia amri yake vilevile. Nikampenda papo hapo. Mtu wa kazi ndiye yule.

Niliajiriwa kufagia na kuosha vyombo, lakini masikio nilikuwa nayo. Nasugua vyombo vya kioo, naye anafundisha. Ndivyo nilivyoijua atomu, chembe iliyounda kila kitu. Katikati pana kiini, chenye protoni na nyutroni. Nje kuna elektroni, zimejipanga tabaka kwa tabaka. Za tabaka la nje ndizo zenye maneno. Sodiamu huipa klorini elektroni moja. Iliyotoa huwa chanya, iliyopokea huwa hasi, zikavutana zikashikana: hiyo ndiyo chumvi. Atomu zilizobadilika hivyo huitwa ioni. Katika glukosi, ambayo ni aina ya sukari, atomu hazipeani. Zinashirikiana elektroni, kama majirani wawili wenye mbuzi moja ya kukunia nazi.

Mwaka mmoja Ramadhani ilikaribia pamoja na mtihani wa vitendo. Sisi watu wa pwani hatuupokei mwezi na vyombo vichafu. Nyumbani nilikwisha kusugua hata vifuniko vya masufuria. Nikaja maabara nikafanya vivyo hivyo. Chupa mbili za mtihani nikazitia kwenye beseni la sabuni, nikazisugua zikang'aa. Karatasi zenye majina zikaelea juu ya povu.

Moja chumvi, moja glukosi, zote unga mweupe. Mtihani kesho yake, na Mwalimu wa Kemia yuko bara mazishini, simu haipatikani.

Mwalimu Mkuu, mtu wa historia, akaja mbio. "Mama, umetusafisha sote! Watoto wakikosa mtihani, usirudi hapa." Kisha akafungua chupa. "Si tuonje tu?"

"Toa kidole, Mwalimu Mkuu. Humu hakuonjwi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Unajua chupa hiyo imewahi kutiwa nini?"

Nikamwomba nusu saa. Chumvi ikiyeyuka, ioni zake huachana zikatembea majini, nazo hupitisha umeme. Glukosi haina ioni, haipitishi. Nikaunga betri, waya na glopu ya tochi, nikakoroga kila unga katika bilauri yake. Bilauri ya kwanza, glopu ikawaka. Ya pili ikawaka pia, kwa unyonge.

"Basi zote chumvi!" akasema Mwalimu Mkuu. "Chukua leso zako, mama, uende."

Nikainama kuzichukua leso, wallahi. Kisha nikakumbuka maji nimeyateka wapi. Kisima chetu kile! Chai yake hata uitie sukari vipi, chumvi utaisikia. Nikamwaga yote, nikachukua maji ya maabara, yanayokusanywa kutokana na mvuke, nikaanza upya. Bilauri ya kwanza, glopu ikawaka waa! Ya pili, haikuwaka kabisa.

"Hii chumvi. Hii glukosi. Andika, Mwalimu Mkuu, una hati nzuri."

Akaandika. Mtihani ukafanywa. Mwalimu wa Kemia aliporudi akapima mwenyewe, akasema neno moja: "Umepatia." Mwaka uliofuata barua ikaja: si mfagizi tena, ni mhudumu wa maabara. Nikahamishiwa Changamwe, kisha Kisauni, na kote huko majina ya chupa niliyaandika kwa rangi ya mafuta.

Sasa nimestaafu, nakaa Utange. Wiki niliyoagwa, msichana wa kidato cha nne aliniuliza nilisomea kemia chuo gani. Nikamwambia shule niliiacha darasa la tatu. Akacheka, akidhani namtania.

Mkuu wa Idara ya Sayansi alikuwa karibu. "Cheka," akamwambia, "lakini mtihani wako wa vitendo kesho, kila chupa utakayoishika, ni yeye aliyeipima."