Stroke ilinifichia upande wa kina mama kanisani, na nusura mke wangu aende zake

Wakuu, Mungu apewe sifa kwa pumzi ya leo na kwa vidole vinavyoweza kuandika. Nawasalimu wote humu, wakubwa kwa wadogo.

Hii ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Mnivumilie nikienda polepole, siku hizi nachoka haraka.

Mimi ni mzee wa kanisa, naishi Tuwan hapa Kitale. Kanisa letu dogo liko upande wa Saboti. Mchungaji ana makanisa mengine ya kuzungukia, kwa hivyo Jumapili nyingi mimi ndiye nahubiri.

Jambo moja mlielewe mapema. Kwetu wanaume na wanawake hawakai pamoja ibadani. Ukisimama mimbarini ukitazama watu, wanaume wako kulia kwako, kina mama kushoto. Waliotutangulia walipanga hivyo na hakuna aliyeuliza sababu.

Mwaka uliopita presha ilipanda nikaanguka. Wakasema ni stroke. Nikalazwa, mkono wa kushoto ukalegea, lakini baada ya muda ukarudi. Nikaruhusiwa nyumbani nikimshukuru Mungu.

Nikarudi mimbarini. Sauti ilikuwa ile ile, na maandiko mengi nayajua kwa kichwa. Watu wakasema mzee amepona kabisa.

Kumbe sikuwa nimepona.

Yanayofuata mengine niliambiwa baadaye, kwa sababu wakati huo mimi sikujua kitu.

Kabla ya kufunga ibada huwa nauliza nani ana haja tumwombee. Wanaume wakiinua mkono, nawataja kwa majina. Kina mama wakiinua, napita. Jumapili moja Mama Njoki, kiongozi wa kina mama, alisimama wima kabisa. Binti yake mdogo alikuwa anaenda kupasuliwa wiki hiyo. Mimi nikatazama kanisa, nikasema, "Naona leo wote wako salama. Tufunge."

Akaketi. Wanasema hakuna mtu aliyeitikia amina upande ule.

Kina mama wakaanza kupungua. Walionibakia nao sikuwaona. Nikamwambia mzee mwenzangu, "Hawa kina mama wote wameacha wokovu?" Akacheka, "Wewe mzee una maneno, bana." Alidhani nawapiga vijembe.

Nilikuwa pia nanyoa ndevu upande mmoja. Hiyo nayo wakasema ni uzee.

Sasa nyumbani.

Mke wangu, Mama Nekesa, kiti chake kiko karibu na mlango wa jikoni, kushoto kwa changu. Ananiwekea chai kwenye stuli ya upande wake. Mimi nangoja, nangoja, halafu naita, "Leo nyumba hii haina chai?" Na chai inapoa hapo hapo karibu na goti langu.

Akinisemesha, nageuka kulia na kuijibu redio.

Alivumilia. Alidhani nimerudi kutoka hospitali na roho nyingine, roho ya kudharau wanawake. Kina mama walipomuuliza, hakuwa na la kunitetea. Aliomba peke yake mpaka akachoka kuomba.

Asubuhi moja akafunga mkoba aende Kibabii, kule Bungoma, kwa binti yetu Nekesa. Hakuwa na mpango wa kurudi. Aliniaga akiwa kwenye kiti chake, sikumjibu.

Basi akazunguka nyuma yangu kuchukua shali lake, lililokuwa limetundikwa ukutani upande wa kulia. Hapo ndipo nikamwona.

Nikafurahi sana, wakuu. Nikamwambia, "Mama Nekesa, umerudi lini? Nyumba ilikuwa imepoa. Nilianza kukuombea barabarani."

"Nimerudi kutoka wapi?"

"Si ulisafiri?"

Alinitazama. Akarudi polepole kwenye kiti chake, akaketi. Mimi nikaanza kumtafuta kwa macho mlangoni, nikasema peke yangu, "Ameshaenda tena."

Akazunguka kulia mara ya pili, akainama karibu na uso wangu.

"Baba Nekesa, kwani una neno na mimi?"

"Neno gani? Mimi nimekutafuta tu."

Akaweka mkoba chini. Alilia kidogo, halafu akanitafutia koti. "Twende sote Bungoma," akasema. "Huyu si mtu wa kuachwa. Huyu ni mgonjwa."

Nekesa akatupokea, akatupeleka hospitali moja kule Bungoma. Daktari mama mmoja mpole akanipa karatasi na penseli. Akasema, "Baba, nichoree kanisa lenu, ndani na viti vyake."

Nikachora mimbari. Nikachora viti vya wanaume mstari kwa mstari. Nikamrudishia, nikasema hilo ndilo kanisa letu, limetimia.

Mama Nekesa akaitazama. "Hata paa ameliezeka nusu."

Daktari akatueleza kwa lugha ya kawaida. Ubongo una nusu mbili, na katikati kuna mkanda mnene wa nyuzi unaozipelekea habari, hii kwa ile. Nusu ya kulia inaongoza mkono na mguu wa kushoto, na ndiyo yenye kazi kubwa ya kuuangalia upande wa kushoto wa dunia. Maneno, kwa watu wengi, yanakaa nusu ya kushoto.

Stroke yangu ilipiga kulia. Macho mazima, masikio mazima, mdomo mzima. Lakini habari za kushoto hazikuwa zinafika kwa yule anayesema, ile nusu ya maneno. Na yeye hakai kimya, anajaza pengo mwenyewe. Ndiyo maana nilisema mke amesafiri na kina mama wameacha wokovu. Nilisema nikiamini.

Nikamuuliza, "Kwa hivyo nilikuwa nusu mtu?"

"Hapana, baba. Ulikuwa mzima, ila nusu moja haikujua kwamba nyingine imenyamaza."

Dawa ya presha naendelea nayo. Kazi kubwa ni mazoezi ya kugeuza shingo. Daktari alisema tuweke kitu chekundu mwisho wa kushoto, nisiseme nimeangalia mpaka nikione. Mama Nekesa akafunga kitambaa chake chekundu mwisho wa benchi la kina mama.

Nilishauri wazee tubadilishane viti tu, wanaume wakae kule. Mmoja akaniambia, "Mzee, stroke ni yako. Usituhamishe sisi."

Jumapili ya kwanza niligeuza shingo mpaka nikaona kitambaa. Nikaanzia hapo nikarudi polepole, benchi kwa benchi. Mama Njoki alikuwa amekuja. Nikamtaja, nikamuuliza mtoto.

"Alipona, mzee," akasema. "Lakini siku ile uliyotufungia ibada niliumia. Bado naumia kidogo."

Nikamwambia ana haki. Tukaomba.

Wakuu, sitawadanganya kwamba nimepona. Kuitafuta nusu ya dunia kila siku kunachosha. Jioni shingo inauma na wakati mwingine nasahau, boda ikitokea kushoto nasikia matusi tu.

Nilijifunza nini? Mtu wako akitoka hospitali amebadilika, kabla hujasema amebadilika moyo, zunguka upande wa pili umwangalie. Na asiambiwe amepona kwa sababu tu anaongea vizuri.

Nilimwomba Mama Nekesa ahamishie kiti chake kulia, nipumzike. Akakataa. "Hapa ndipo nilipokaa miaka yote. Nitafute."

Basi kila asubuhi chai ikija nageuka polepole, mlango wa jikoni, stuli, kikombe, halafu yeye. Anangoja mpaka nifike.

Aliye na mgonjwa wa namna hii, au aliyepitia, aandike hapa chini tusaidiane. Nitasoma yote, japo polepole.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulinde kulia kwako na kushoto kwako, na usikose mtu wa kukuzungukia. Amina.