Sentensi Tatu Alizomwandikia Momanyi

Kwa miaka minne ya kwanza, watu wa Nyakoe walimwita Mong'ina "yule mama wa mavi ya ng'ombe". Hakuna aliyemwita fundi. Alichimba shimo, akajenga kuba la matofali chini ya ardhi, akalipiga plasta kwa mkono wake mara tatu ili gesi isipenye, akalijaza samadi itoe gesi ya kupikia, akavuta bomba hadi jikoni. Moto wa buluu ulipowaka, mwenye boma alitoka nje na kumpa mkono Mose, mume wa Mong'ina, ambaye alikuwa amepita tu kumletea chakula. Mose mwenyewe aliona aibu. Mong'ina alinawa samadi mikononi huku akitabasamu, lakini moyoni alikuwa anachemka.

Aliyembadilishia mambo ni Haresh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, lile ambalo baba yake alilifungua kabla yeye hajazaliwa. Haresh alikuwa amemtazama kwa muda mrefu akinunua saruji. Mafundi wengine walichukua mfuko na kwenda. Huyu aliisoma tarehe ya mfuko, akaubonyeza pembeni kuona kama umeshaganda, na mara mbili alirudisha.

"Wateja wananiuliza fundi wa gesi kila wiki," Haresh alimwambia. "Nataka kuwatuma kwako. Lakini wanataka kuona kazi yako mahali kabla hawajakupigia. Weka kwa LinkedIn."

"Hiyo si ya watu wa tai?"

"Ni ya watu wa kazi. Wewe una kazi ama huna?"

Basi Mong'ina akajiunga. Akaweka picha, na si za kujipodoa. Picha ya shimo, picha ya kuba kabla halijafukiwa, picha ya sufuria ikichemka. Akawaandikia wakuu wa shule, madaktari wa mifugo, mameneja wa vituo vya maziwa. Hakuwaomba kitu. Aliwaeleza ng'ombe watatu wanatoa gesi ya kupika nini, na kwa nini mtambo wa jirani yao ulikufa. Daktari wa mifugo akamtuma kwa mkulima wa Keroka. Mkulima alipohitaji fundi wa mabomba, Mong'ina akamtuma Ochoki, kwa kuwa alikuwa ameona viungo vya mabomba ya Ochoki na havikuvuja. Kila mteja aliyemaliza kumjengea, Mong'ina alimwomba aandike maneno machache kwenye ukurasa wake, na wachache wakaandika. Baada ya miaka miwili, kazi zake nyingi zilikuja kwa njia hiyo, mtu kumtuma mtu, na hakuna tena aliyempa Mose mkono.

Haresh alikuwa na sharti moja tu. Alilisema siku ya kwanza, akikata waya, bila hata kuinua kichwa: usimpendekeze mtu ambaye hujaona kazi yake kwa macho yako. Mong'ina aliona sharti hilo ni jepesi mno hata halihitaji kusemwa.

Halafu akaja Momanyi.

Momanyi ni mdogo wake Abner, na Abner ndiye baba yake Mose. Alistaafu kutoka ofisi moja huko Nakuru, akarudi nyumbani na suti mbili, kadi za jina zenye picha ya jani la kijani, na kampuni ya nishati safi iliyokuwa ndani ya simu yake tu. Alifika Jumapili alasiri, akaketi barazani kwa Mong'ina, nje, maana baba mkwe haingii ovyo nyumbani kwa mke wa mtoto. Mong'ina akasimama mbali kidogo, mikono mbele. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya Abagusii kati ya mke na wazazi wa mumewe pamoja na ndugu zao. Huwatazami sana usoni. Husemi nao maneno makali. Wakiomba kitu, unatafuta njia ya kusema ndiyo.

"Mkwe wangu," Momanyi akasema, "nasikia una jina kubwa huko LinkedIn. Niandikie maneno mawili matatu. Vijana wangu wanaanza kazi."

Angeuliza, akimwita baba kwa Kigusii: kazi gani, Tata? Mtambo upi? Uko wapi nikauone? Maswali yote matatu yalimfika kooni. Akayameza, akasema, "Sawa, Tata."

Akaandika: Mzee Momanyi ni mtu makini. Mitambo yake ya gesi ni ya kiwango cha juu. Nampendekeza bila wasiwasi.

Mitambo yake! Mzee huyo hakuwa amejenga hata kibanda cha kuku. Mong'ina alilijua hilo alipokuwa akiandika, na alijitetea jinsi watu wote wanavyojitetea: kila mtu anafanya hivyo. Na kweli wanafanya. Fungua kurasa hizo uone. Mhasibu anamsifu wakili ambaye hajawahi kukanyaga ofisini kwake, wakili anarudisha sifa kabla ya chakula cha mchana, na wote wawili wanaitana watu wa maono. Wanasifiana kama wageni wa harusi, na mtu mgeni anayetafuta fundi wa kweli anasoma yale maneno na kuyaamini, maskini, kwa sababu yameandikwa.

Ilipita miezi minane. Asubuhi moja simu ikalia. Ni mwanamke, na hakusalimu.

"Wewe ndiye Mong'ina wa gesi? Mimi ni Esnah, mkuu wa shule huku Kenyenya. Njoo uone ulichonipendekezea."

Mong'ina alipofika, moshi ulimpokea langoni. Jikoni, mpishi aitwaye Bonareri alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza kuni mbichi za mkaratusi, macho mekundu, anakohoa kikohozi cha mtu aliyezoea. Jiko la gesi lilikuwa kando, jipya, limefunikwa kwa gunia. Nje, nyuma ya jengo la jikoni, udongo ulikuwa umefukuliwa, na kuba lilikuwa limepasuka ufa ulioingia kidole. Mong'ina aliinama, akakwangua plasta kwa ukucha. Ikabanduka yote kama ganda la yai. Walikuwa wamepiga plasta mara moja na kuondoka, hawakuimwagilia maji hata siku moja. Mtoto wa darasa la sita angejua kwamba saruji inataka maji.

"Ilifanya kazi siku ngapi?" akauliza.

"Siku kumi na moja," Bonareri akajibu kwa niaba ya mwalimu. "Nilikuwa nimeshagawa mashoka."

Esnah alifungua faili na kutoa karatasi. Zilikuwa zile sentensi tatu, zimepigwa chapa, na chini yake jina la Mong'ina na picha yake akiwa na kofia ya ujenzi.

"Waliomba kazi hii watu wanne," mwalimu akasema. Alikuwa na hasira iliyotulia, ambayo ni mbaya kuliko kelele. "Huyu mzee sikumjua. Nikamuuliza nani anaijua kazi yake, akanionyesha hii. Nikaingia kwa ukurasa wako, nikaona mashimo yako, nikaona sufuria zako. Nikasema, mama huyu hawezi kunidanganya. Madam, mimi sikumchagua Momanyi. Nilikuchagua wewe."

Mong'ina alitamani ardhi ipasuke kama lile kuba.

Habari zilimtangulia kufika Kisii, maana vifaa vya mtambo ule vilikuwa vimenunuliwa kwa Haresh. Wiki hiyo hiyo Haresh alikuwa aende naye Nyamira, kumkutanisha na mkuu wa shule ya wasichana iliyotaka mtambo mkubwa kuliko yote ambayo Mong'ina amewahi kujenga. Mong'ina alikuwa ameshachora michoro. Alikuwa anailalia na kuiamkia kazi ile. Alipoingia dukani, Haresh hakumpa kiti kama kawaida.

"Nimewaambia Nyamira wangoje," akasema.

"Haresh, ile si kazi yangu. Mimi sikujenga pale."

"Najua hukujenga. Uliandika." Akasukuma kalenda pembeni. "Nimetuma watu kwako miaka mingapi? Hakuna hata mmoja amerudi kunilalamikia. Lakini sasa nikituma mtu, sijui natuma kwako ama kwa ukoo wako."

Maneno hayo yalimchoma Mong'ina kuliko yote, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alitoka dukani. Alikuwa na hasira na Haresh kwa kuwa na haki, na Momanyi kwa kutokuwa na aibu, na yeye mwenyewe zaidi ya wote. Miaka sita ya kushika samadi, kisha anaigawa kwa sentensi tatu, kwa sababu mzee mmoja ameketi barazani!

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Abner, ambako Momanyi alikuwa akinywa chai na kaka yake, miguu imenyooshwa kwenye jua la saa nane. Safari hii Mong'ina hakusimama mbali.

"Tata, nimetoka Kenyenya juzi. Mtambo wenu umepasuka."

"Nimesikia," Momanyi akasema. "Ni kitu kidogo. Na ni vizuri umekuja. Ingia huko LinkedIn uandike tena. Sema wewe kama mtaalamu umekagua, umeona wapishi wa shule hawakuweka samadi vizuri. Wanawake wa jikoni hawajui vitu hivi."

Mong'ina alidhani masikio yake yanamchezea. Akaona macho ya Bonareri, mekundu. Mzee huyu, aliyemharibia jina, sasa anataka alitumie lililobaki kumkandamiza mpishi!

Hapo Abner aliweka kikombe chini. Akainuka polepole, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hawakuwa na shida yoyote. Lakini baba mzazi wa mume akiwapo, kuna maneno ambayo mke wa mtoto hawezi kuyatamka, na mzee Abner alikuwa ameamua asiwepo. Mong'ina alimwona akipotea nyuma ya migomba, na akamshukuru kimoyomoyo.

"Siandiki," akasema.

"Unasemaje?"

"Siandiki, Tata. Na yale ya kwanza nayaondoa leo. Nilipoandika, ulikuwa hujajenga mtambo hata mmoja. Mimi nilijua, na nikasema uongo kwa heshima yako, na mama mmoja anapuliza moshi kila siku kwa sababu ya heshima hiyo."

"Nani alikushika mkono ukiandika?" Momanyi akafoka, chai ikimwagika kwenye suruali. "Si uliandika mwenyewe?"

"Niliandika mwenyewe," Mong'ina akajibu. "Ndiyo maana nafuta mwenyewe."

Alifuta palepale kwenye simu, akiwa amesimama, mbele ya macho ya mzee. Kisha akaenda kukaa ukingoni mwa shamba la chai, akafungua ukurasa wake, na kwa mara ya kwanza akasoma sifa zake mwenyewe kama mgeni. Zilikuwa ishirini na saba. Mzee wa kanisa: fundi hodari. Alikuwa ameona mtambo gani? Hakuna. Binamu wa Mose aliye Mombasa: kazi safi sana. Hajafika Nyakoe tangu harusi. Mong'ina aliwaka upya. Ala, kumbe na yeye! Akaziondoa moja baada ya nyingine, za jamaa, za waumini, za watu waliomsifu ili naye awasifu. Zikabaki sita, za watu waliopika kwa moto wake. Ukurasa ukaonekana mtupu kama ubao wa darasa wakati wa likizo.

Siku ya Jumatatu alirudi Kenyenya na Ochoki. Hakumwomba Esnah kitu. Walibandua plasta yote, wakaziba ufa, wakapiga mpya mara tatu. Asubuhi na jioni Mong'ina alilimwagilia kuba maji na kulifunika kwa magunia mabichi, siku baada ya siku, huku wanafunzi wakipita na kumuuliza kama anaogesha ng'ombe. Esnah alipita pia, akatazama, akaenda zake. Wakajaza samadi, wakangoja. Siku Bonareri alipowasha kiberiti na moto ukasimama, buluu, bila moshi, alilia, na safari hii si kwa sababu ya kuni.

"Mwalimu," Mong'ina akamwambia Esnah akifunga vifaa, "naomba uniandikie kwa ukurasa wangu."

Esnah alimtazama kama mtu anayeangalia mwizi akirudi kuomba maji. "Nikiandika, nitaandika yote."

"Andika yote."

Yalifika baada ya wiki mbili, Mong'ina akiwa dukani kwa Haresh kununua bomba la kazi ndogo. Bado hakuwa akipewa kiti. Alisoma, kisha akampa Haresh simu. Haresh akavaa miwani, akasoma kwa sauti, taratibu.

"Mong'ina alimsifu kwa maandishi mtu ambaye kazi yake hakuwahi kuiona, kwa sababu ni mzee wa ukoo wa mumewe. Nilimwamini, na jiko la shule likarudi kwa kuni. Nilipomwita alikuja, hakumsingizia mtu, akabomoa na kujenga upya. Gesi inawaka. Mimi ni shahidi."

Chini yake ukurasa ulikuwa unauliza kama maneno hayo yaonyeshwe kwa watu au yafichwe.

"Ukiyaficha hakuna atakayejua," Haresh akasema.

"Mwalimu atajua. Wewe utajua."

Alichukua simu yake, akabonyeza yaonyeshwe. Yakakaa juu kabisa, juu ya picha zote za sufuria, kila mtu ayaone.

Haresh alivua miwani. Akavuta kiti kutoka nyuma ya meza, akakiweka mbele ya Mong'ina, kisha akainua simu ya duka na kupiga Nyamira.

"Madam, habari ya shule? Ni yule fundi niliyekuambia ungoje. Ndiyo, huyo. Fungua ukurasa wake, usome ile ya juu kabisa, yote, mpaka mwisho. Halafu unipigie, nitamleta mwenyewe."