Mwingereza wetu kabebwa na polisi

Jamani, leo Seif kachukuliwa na polisi, na mimi nimecheka mpaka mbavu zinauma!

Seif ni Mzanzibari aliyepata pasipoti ya Uingereza juzi tu. Tulikuwa mgahawani mtaa wa Dengfeng, huku Uchina, anabishana na Hamadi, naye wa London. Kwa siasa za Uingereza, Seif ni wa wapinzani, Hamadi chama tawala.

"Waziri Mkuu wenu kafilisi hazina kwa kulisha wageni! Wafungiwe mlango!"

"Wewe uliingilia dirishani?"

Mara polisi wakaingia kukagua karatasi.

Hapa mgeni akilala nyumbani kwa mtu, lazima aandikishwe kituoni. Seif yuko kwa shemeji yake mtaa wa Sanyuanli wiki ya pili, hajaandikishwa. Eti sheria hiyo ni ya Waafrika! Akaipunga pasipoti yake kama anapunga pepo.

Askari akaitia mfukoni, akamwonyesha mlango.

Kiburi kwisha. "Hamadi, ndugu yangu, twende wote, wewe unajua Kichina!"

"Kwanza sema, nani kafilisi hazina?"

"Mabenki, wallahi! Si wageni!"

Hamadi akaacha kuku wake, akamfuata.

Mie ningemaliza kuku kwanza. Nyie je?