Kilima cha Pumba

Dada wa mashine ya kukoboa mpunga pale Kibiti hasimami wima kama binadamu wengine. Hata akipokea gunia, magoti kayakunja, makalio kayarudisha nyuma, utadhani anatafuta kigoda. Ni mazoezi hayo. Anataka kwenda Ulaya kushindana kuteleza kwenye theluji, na theluji yake ni lundo la pumba nyuma ya mashine. Kila jioni hujifunga miguuni mbao mbili za mkoko, alizochongewa na mjomba wake wa Salale, akateleza kulishuka lundo hilo huku akipiga chafya. Dada huyo humwamkia kila mteja, kisha humwomba: "Pumba niachieni, jamani. Mchujo ni Februari." Lakini pumba ndizo zinazochoma matofali, na Jumamosi Bi Muzdalifa, mwenye tanuri, alishajaza magunia kumi.

"We mtoto, theluji umeiona wapi? Kwenye friji la samaki?"

"Humohumo, shangazi. Nikaipenda."

Akapanda juu ya lundo lililobaki, akainama, akashuka, akakata kona mbili bila kuanguka. Bi Muzdalifa akaguna. Kisha akawageukia wapakizi wake.

"Rudisheni yote. Mwageni juu kabisa! Mtoto anataka mlima, siyo kichuguu."