Msalaba wa Herufi za Kimisheni

Leo nusura nimfukuze mteja kwa sababu ya msalaba.

Mimi nachora mabango hapa mtaa wa Kambarage. Asubuhi kaja kaka mmoja kutoka Rwamgasa na msalaba mpya wa mbao.

"Niandikie jina la marehemu baba kwa zile herufi za kimisheni, nene, zenye pembe kama miiba. Halafu uufanye uonekane wa zamani."

Wa zamani?

Jamani, Rwamgasa ardhi inagombewa kwa dhahabu. Nikasema moyoni, huyu anatunga kaburi la zamani ili adai eneo ni la ukoo wake.

"Kaka, hiyo siifanyi. Katafute mwingine."

Hakubisha. Akanionyesha picha kwenye simu: msalaba wa kwanza wa baba yake, ulioliwa na mchwa, herufi zilezile, kwenye makaburi ya misheni kule Ushirombo.

"Mama hajui kusoma. Jina la mumewe analijua kwa umbo la zile herufi tu. Huo ulipooza tuliweka msalaba wa maandishi ya kawaida, akakataa kusali. Akasema hapa si kwa mume wangu."

Nikachukua brashi.

Herufi nimechora zote, kwa moyo wote. Ila kuichakaza rangi nimekataa, bado nahofia habari ya ardhi.

Nyie mngemwamini?