Msiba Uliotangazwa na Marehemu

Wasomaji wangu wa gazeti la ukutani, naanza kwa kukiri. Jumamosi asubuhi nilitangaza kifo cha mwenyekiti wa kitongoji chetu hapa Mikumi kwa sauti ya mwenyekiti mwenyewe. Mjane wake alinikabidhi kipaza sauti kwa kuwa kila mtu anajua nina mdomo. Sasa, mwaka mzima nilikuwa namwigiza mzee yule darasani, kikohozi na yote, na nilipokishika tu kile kipaza, mdomo ukaenda wenyewe: "Ndugu wananchi, khm, mimi mwenyekiti wenu nawatangazia msiba..." Watu wakacheka. Fundi pancha wa pale barabarani akapaza sauti, "Dogo, acha kuzingua! Marehemu gani anajitangaza?" Maziko yalipangwa alasiri, na kwa kuwa hakuna aliyeniamini, makaburini alikuwa anachimba shemeji wa marehemu peke yake, na mgongo wake mbovu, na jembe moja.

Neno kitongoji nililionea aibu siku nyingi. Wenzetu wa Morogoro mjini wakipewa fomu wanajaza mtaa. Sisi, tunaopitiwa na malori usiku na mchana, tunajaza kitongoji, utadhani majirani zetu ni nyani. (Nyani wapo, sikatai, lakini wao hawajazi fomu.) Nilipomfuata mwenyekiti anipe barua ya utambulisho ya shule, nilimbembeleza: "Shikamoo mwenyekiti. Leo niandikie mtaa basi, na mimi nipate heshima."

"Marahaba. Huko mtaani wanajua namba ya nyumba yako," alisema huku akigonga muhuri. "Mimi hapa najua jana mmekula maharage yaliyoungua, na aliyeyaunguza ni wewe." Barua ikatoka na kitongoji chake.

Basi Jumamosi ile nikaweka kipaza chini, nikapita nyumba kwa nyumba na sauti yangu mwenyewe, ambayo bado inakwaruza. Kwa fundi pancha nililia kabla sijamaliza sentensi. Hakucheka tena, alifunga kibanda, akabeba sururu. Hadi adhuhuri wachimbaji walikuwa wengi mpaka wanagombea zamu, na mzee wetu akazikwa kwa wakati.

Nimejifunza kwamba kitongoji si mji ulioshindwa kukua. Ni mahali ambapo msiba unaweza kufika kote kwa miguu ya mtu mmoja, kabla ya adhuhuri. Jioni nikamsimulia mama yote haya, nikingoja pole. Akaniuliza:

"Na kote huko uliwaamkia watu, au uliingia tu kama mbuzi?"