Ng'ombe wa Kulimia

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumatano, wanafunzi kumi na mmoja wa dini wamesimama katika banda la nyasi la kigango, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Segese. Wanasali kwa pamoja. Kumi wanaanza na "Baba yetu". Wa kumi na moja, Ngassa, mfugaji mwenye mvi, anafumba mdomo kwa maneno hayo mawili. Anajiunga na wenzake kwenye "uliye mbinguni" na kuendelea hadi mwisho bila kukosea.

Mwalimu wao, Marselino, amelizoea jambo hilo tangu mavuno ya mwaka jana, 1954. Anawaketisha na kugeukia ubao. Chaki haijagusa ubao, Ngassa anauliza swali ambalo huliuliza kila anapopata nafasi.

"Mwalimu, huyo Baba alitoa ng'ombe kwa nani?"

Siku nyingine watu hucheka. Leo wanacheka wawili tu, nao wananyamaza upesi, maana wote wanajua kuna ng'ombe wageni wamefungwa katika zizi la Mabula, baba mkwe wa mwalimu, na wanajua wameletwa kwa ajili ya nini.

Marselino anajibu kama alivyojibu siku zote: Mungu alikuwa Baba kabla ng'ombe hawajaumbwa, na hadaiwi na mtu.

"Basi ni baba wa bure," anasema Ngassa. "Na mtoto wa bure huchukuliwa na mwenye ng'ombe."

Marselino ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Misheni humpa posho ya shilingi kumi na tano kwa mwezi. Posho hiyo haitoshi kulisha nyumba, kwa hiyo siku zisizo za mafundisho yumo shambani, akilima pamba na mtama kwa plau inayokokotwa na maksai wawili. Maksai hao na mtamba mmoja ndio ng'ombe wake wote.

Alipofunga ndoa kanisani na Nyamizi, mkewe alikuja na mtoto mchanga, Euphrasia, aliyempata kwa mwanamume mwingine. Kwa desturi ya Wasukuma, mtoto aliyezaliwa bila mahari ni wa babu yake mzaa mama. Anayetaka kuwa baba yake hupeleka ng'ombe kwa babu huyo. Marselino alitoa mahari ya mke. Kwa ajili ya mtoto hakutoa kitu. Mabula, ambaye si Mkristo, alimwacha mjukuu wake akae na mama yake, na hakumsumbua mkwewe.

"Nilimwambia kwamba mtoto si kitu cha kulipiwa," anasema Marselino. "Nilikuwa nafundisha hivyo kigangoni, nikafanya hivyo nyumbani. Niliona ni jambo moja."

Euphrasia sasa ana miaka kumi na minne. Yuko darasa la tano katika shule ya bweni ya masista, na shule inafunguliwa Jumatatu.

Wiki ya Noeli alitokea Makoye, aliyemzaa. Alikimbilia Geita wakati Nyamizi akiwa mjamzito, na tangu hapo anafanya kazi ya kuegemeza magogo ya kuzuia miamba isiporomoke chini ya ardhi katika mgodi wa dhahabu. Watoto aliowapata huko wamekufa. Sasa amerudi na ng'ombe.

"Wakati ule sikuwa na hata mbuzi," anasema. "Leo ninao ng'ombe, na nimewapeleka kwa mzee mwenyewe, mchana, watu wakiona. Kosa langu liko wapi?"

Hakuna aliyeweza kumwonyesha kosa. Makoye hafichi anachokusudia: msichana anayejua kuandika amesoma vya kutosha. Atakwenda naye Geita, akae na mkewe mpaka apate mchumba. Mabula aliwaita wazee waje Jumamosi wasikie neno lake.

Alhamisi Marselino alikwenda misheni kumwomba padri aingilie kati. Padri alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba yuko tayari kwenda kwa Mabula, lakini atafika pale kama mgeni. Mgeni husalimiwa, hupewa kiti, na hapewi mtoto wa watu. Marselino alirudi peke yake.

Nyamizi alikuwa anapepeta mtama. Alimsikiliza, na ungo haukusimama.

"Baba Euphrasia," alisema, "mwenzio amekuja na ng'ombe. Wewe unakwenda na maneno."

Ijumaa Marselino alilima kuanzia alfajiri mpaka jua lilipokuwa kali, akawafungua maksai, akawapeleka kunywa maji, na kurudi akakaa juu ya plau muda mrefu. Anasema alikuwa anafikiria swali la namhala Ngassa. Kwa Kisukuma namhala ni mzee wa kuheshimiwa. Katika miezi yote ile hakuwahi kulifikiria. Alikuwa akilijibu tu.

Jumamosi, wazee walipokuwa wamekwisha kukaa, Marselino aliingia uani kwa Mabula akiswaga maksai wawili na mtamba. Makoye ndiye aliyesema kwanza.

"Mwalimu, si wewe unayefundisha kwamba baba hatoi ng'ombe?"

"Nilifundisha kwamba Mungu hadaiwi," alijibu Marselino. "Mimi nilikuwa nadaiwa."

Akamgeukia Mabula, akasema, "Baba, nimechelewa. Hawa ni wa Euphrasia."

Ng'ombe wa Makoye walikuwa wengi na wanene zaidi, na wazee wawili walisema hivyo waziwazi. Mabula aliinuka. Alipita kwa wale wa Makoye akawatazama, kisha akaenda kwa maksai na kuwapapasa shingo, pale nira ilipoacha sugu. Alirudi kwenye kigoda chake.

"Makoye ameleta ng'ombe wa akiba, na ni wazuri," alisema. "Huyu ameleta wa kulimia, na mvua ndiyo hii. Mtoto abaki alipo."

Makoye hakubishana na wazee. Ana haki ya kulipeleka shauri kwenye baraza la mtemi. Mpaka habari hii inaandikwa hajalipeleka. Kabla ya kuondoa ng'ombe wake aliomba jambo moja, kwamba msichana aje amsalimie. Euphrasia alikuja, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanone," alisema Makoye, yaani mwanangu, kisha akakata fimbo mpya ya kuswagia ng'ombe wake na kuondoka nao.

Jumatatu Marselino alibeba sanduku la Euphrasia kichwani mpaka barabara ya malori, akangoja hadi lori lilipoondoka. Mchana alikuwa shambani na jembe la mkono. Nyamizi alilima mstari wa pili. Kwa hesabu ya Marselino mwaka huu watapanda nusu ya shamba, mtama kwanza, pamba kama nguvu itabaki. Ana tumaini la kupata ndama dume baada ya mauzo ya pamba na kumfundisha nira. Mpaka awe wa kulimia, anasema, Euphrasia atakuwa amemaliza darasa la nane.

Jumatano iliyofuata, saa moja kasorobo, Ngassa hakungoja sala. Aliuliza kama ng'ombe wamepokelewa.

"Wamepokelewa, namhala."

"Na yule Baba wa kwenye sala?"

"Swali lako nilikuwa nalijibu vibaya," alisema Marselino. "Naye alitoa, na hakutoa wa akiba. Alikuwa na Mwana mmoja."

Wote kumi na mmoja wakasimama kusali, na Ngassa akasali nao kuanzia neno la kwanza. Ubatizo hajauomba.